Bunduki ya Kale Haizai

Fundi wa kitako huanza kazi yake na kibatari. Huwasha utambi, huuacha utoe moshi mzito, kisha huupitisha mwili wa chuma wa bunduki juu ya moshi ule hadi upakwe masizi membamba. Chuma hicho hukibonyeza ndani ya mbao aliyokwisha kuichimba kwa makadirio, hukiinua, hutazama. Penye doa jeusi ndipo chuma kinapogusa. Huchukua patasi ndogo, huparua doa hilo na hilo tu, kisha hurudi kwenye moshi. Atarudia siku nzima, na siku ya pili, na ya tatu, mpaka shimo lote liwe jeusi sawasawa. Hapo chuma na mbao vinagusana kila mahali, wala karatasi haipenyi katikati.

Kazi hiyo si urembo. Bunduki ya tembo ya aina ya .470, iliyobuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, hurusha risasi ya gramu 32 kwa mwendo wa karibu mita 650 kwa sekunde. Nguvu inayoisukuma risasi mbele ndiyo inayosukuma chuma nyuma. Chuma kikiegemea mbao mahali pamoja tu, mbao itapasuka, kama si leo basi baada ya miaka mitano. Kikiegemea kila mahali, teke linagawanyika na kitako kinadumu miaka mia. Ukiishika bunduki ya zamani iliyotoka karakana nzuri ya London au Birmingham, ukaona mbao bado imekumbatia chuma bila ufa, unashika saburi ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote juu yake.

Ninaandika haya nikiwa na swali ambalo huulizwa na watu wenye akiba na macho ya kupenda vitu vya kale: je, kununua bunduki za aina hii na kuziweka miaka mingi ni njia nzuri ya kukuza mali? Nataka kulijibu nikisimama Mvumi, hapa Ugogo mkoani Dodoma, kwa sababu ardhi hii inaijua bunduki kwa karne moja na nusu, na inajua zaidi ya hapo mali inayodumu na isiyodumu. Lakini bei ya kitu haijulikani kabla ya kujua kilivyotengenezwa. Tukae kwanza karakanani.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya bunduki ya mitutu miwili. Mtutu wa kulia ukilipuka, bunduki hupanda na kuvutika kulia; wa kushoto huivuta kushoto. Mitutu ikiunganishwa sambamba kabisa, risasi zake zitaachana njiani. Kwa hiyo fundi huiunganisha kwa lehemu ikiwa imeelekeana kidogo sana mbele, na katikati ya midomo yake huweka kabari ndogo ya chuma. Huenda uwanjani, hupiga kulia, hupiga kushoto, huangalia shabaha. Zikiachana, huyeyusha lehemu kwa moto, huisogeza kabari kwa kiasi ambacho jicho halikioni, huiacha ipoe, hupiga tena. Hakuna hesabu ya kumwambia asogeze kiasi gani. Kuna mikono yake na kumbukumbu ya bunduki alizowahi kuzirekebisha. Anamaliza pale risasi nne, mbili za kila mtutu, zinapoangukia mahali pa ukubwa wa kiganja kwa umbali wa mita sitini au zaidi.

Kuna jambo la ajabu ndani ya kazi hiyo. Mitutu hiyo imepatanishwa kwa kipimo kimoja cha baruti na uzito mmoja wa risasi. Ukibadilisha kimojawapo, upatanisho unavunjika. Ndiyo maana kwenye chuma cha bunduki nyingi za Kiingereza utakuta pamechorwa aina ya baruti, kiasi chake na uzito wa risasi. Anayenunua bila kusoma maandishi hayo amenunua chuma na mbao. Kazi iliyo ndani hajaijua.

Karibu na maandishi hayo utaona mihuri midogo. Uingereza haikuruhusu bunduki iuzwe kabla ya mtutu wake kujaribiwa kwa baruti iliyozidi kiasi cha kawaida. Mafundi wa London walipewa mamlaka hayo kwa hati ya kifalme ya 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813. Mtutu uliopasuka ulitupwa. Uliovumilia ulipigwa muhuri. Kila muhuri ni ushahidi kwamba chuma hiki kimewahi kupitia jambo kubwa kuliko lolote atakalolitaka mwenye bunduki.

Halafu kuna fundi wa rangi. Sisi wengine tunaifukuza kutu, yeye huialika. Husafisha mtutu mpaka usibaki na mafuta ya kidole, huupaka dawa ya tindikali, huuweka mahali penye unyevu uote kutu nyepesi usiku kucha. Asubuhi huuchemsha katika maji safi, na ile kutu nyekundu hugeuka nyeusi. Huisugua kwa brashi ya waya laini, inabaki ngozi nyembamba ya samawati iliyokolea. Kisha hupaka tena. Baada ya wiki au zaidi ya kupaka, kuchemsha na kusugua, mtutu unapata weusi wenye kina usioakisi jua machoni mwa mwindaji. Mbao nayo, ambayo mara nyingi ni mjozi uliokaushwa miaka kadhaa, hupakwa mafuta ya kitani kwa kiganja kitupu, tone baada ya tone, mpaka joto la mkono liyaingize ndani.

Nimesimulia yote haya kwa sababu ndiyo yanayolipiwa. Katika mnada, mtu anapotoa makumi ya maelfu ya dola kwa bunduki ya zamani, hanunui uwezo wa kupiga. Bunduki mpya ya kiwandani itapiga vizuri kama hiyo au kuishinda. Ananunua wiki na miezi ya mikono iliyokwisha kuzikwa. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya wakusanyaji ni kutogusa. Anayeisugua bunduki ya kale kwa msasa ili ing'ae, anayeipaka rangi upya, anayebadilisha kitako kwa sababu kile cha zamani kina mikwaruzo, ameitoa ile mikono ndani yake. Mara nyingi ameondoa nusu ya bei kwa mchana mmoja, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Ugogo iliziona bunduki mapema. Msafara uliotoka pwani ulipita Mpwapwa, ukavuka nyika kame ya Marenga Mkali isiyo na maji, ukaingia Ugogo ukiwa na kiu. Mvumi ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya watawala wa Kigogo waliotoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo na shanga, maana visima vilikuwa vyao na chakula kilikuwa chao. Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akalipa hongo huku akilalamika. Katika mizigo yake, pamoja na gumegume za askari wake, kulikuwa na Winchester moja na Henry moja, bunduki za Kimarekani za kupiga risasi mfululizo ambazo zilikuwa mpya kabisa duniani. Henry ilitengenezwa kwa miaka michache tu kuanzia 1860, zikatoka kama 14,000 basi. Leo Henry nzima isiyochezewa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Gumegume za wapagazi na askari wa misafara zilikuwa nyingi kuliko hizo mara maelfu. Zilikuwa bunduki ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuzitupa, zikauzwa pwani kwa bei ya chini. Mwishoni mwa miaka ya 1880 balozi wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukaja kuzuia biashara hiyo katika eneo kubwa la Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Zile bunduki zilitumika mpaka zikaisha: mitutu ikaliwa na kutu ya baruti nyeusi, vitako vikageuka kuni, vyuma vikafuliwa upya kuwa vitu vingine. Mtu aliyeweka akiba yake katika gumegume mwaka 1885 hakumwachia mjukuu kitu. Hapo pana funzo la kwanza kwa mnunuzi: wingi na matumizi huua thamani, na bunduki iliyopanda bei ni ile chache ambayo bahati iliihifadhi. Hakuna aliyejua mwaka 1871 ipi itakuwa ipi.

Bunduki ya pili ambayo Ugogo inaikumbuka ni Mauser ya 1871, ya ndugu wawili wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser. Ilipiga risasi moja moja ya milimita 11 kwa baruti nyeusi. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani hapa nchini bado zilikuwa nazo, na moshi wake mweupe ulimwonyesha adui mahali askari alipolala. Mwaka 1915 meli ya Rubens, iliyokuwa imejifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na silaha mpya, ikapigwa na kuzama kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi waliitoa shehena. Mamilioni ya risasi yalikuwa yamelowa maji ya bahari. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, risasi zikafungwa tena kwa mikono. Ninaistaajabia kazi ile, na wakati huohuo najua ilikwenda wapi.

Ilikwenda kurefusha vita vilivyopita juu ya Ugogo. Dodoma ilichukuliwa na majeshi ya Waingereza Julai 1916, baada ya Wajerumani kukusanya ng'ombe, nafaka na wapagazi. Na waliowafuata wakakusanya tena. Mvua zikakataa. Kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, watu wakafa kwa maelfu, na wengine wakatawanyika wakitafuta chakula nchi za jirani. Anayeipenda bunduki ya kale kwa ufundi wake hana budi kubeba na hilo. Kitu kinaweza kutengenezwa kwa upendo mkubwa na kutumika kwa ukatili mkubwa, na hesabu ya thamani yake isiyotaja yote mawili haijakamilika.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme mtu amenunua bunduki kwa dola 10,000, akaitunza miaka 20, akaiuza kwa dola 20,000. Atasimulia kwamba mali yake imezaa maradufu. Ukihesabu kwa riba limbikizi, ongezeko hilo ni kama asilimia 3.5 kwa mwaka. Nyumba ya mnada ikichukua asilimia 20 ya bei, anabaki na 16,000, na ongezeko linashuka karibu na asilimia 2.4. Bado hujatoa leseni, sanduku la chuma la kuhifadhia, bima, mafuta, na siku ambazo hakupata mnunuzi. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani ya serikali ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Shilingi na dola haziendi mwendo mmoja, hilo lazima lihesabiwe. Lakini hatifungani inakulipa kila nusu mwaka ukiwa umelala. Bunduki inakaa kabatini inakula.

Mgogo atalisema hili kwa maneno machache: bunduki haizai. Ng'ombe huzaa, hutoa maziwa, huposea mke, hulipa faini, hupooza ugomvi. Bunduki inaongezeka thamani kwa njia moja tu, nayo ni kwamba mtu mwingine aitamani kuliko wewe ulivyoitamani. Kizazi cha watu waliokua wakisoma hadithi za wawindaji wa Afrika kikipita, na watoto wao wasipende, matamanio yanapita nacho. Baadhi ya risasi za zamani zikikoma kutengenezwa, bunduki inabaki pambo. Zile zilizopambwa kwa pembe ya tembo zimekutana na marufuku ya kimataifa ya 1989 ya biashara ya pembe hizo, na nyingine haziwezi kuvuka mpaka bila makaratasi magumu.

Na sheria iko juu ya yote. Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa na sheria ya shirikisho kuwa kitu cha kale, na Mtanzania aishiye huko anaweza kukusanya hizo kwa wepesi kiasi. Kwetu hali ni nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kila silaha ijulikane, iwe na leseni na iwe na sababu. Serikali inaweza kuita uhakiki, kama ilivyofanya mwaka 2016, na kila mwenye silaha akapanga foleni kituoni. Mwenye leseni akifariki, warithi hawaitwai bunduki kama wanavyolitwaa jembe. Lazima ipite mikononi mwa polisi kwanza. Gobore la kufuliwa kijijini, hata likiwa limetengenezwa kwa akili nyingi, halina muhuri wa majaribio wala kibali, na linaweza kumpasukia mwenyewe usoni. Mali ambayo huwezi kuiuza siku unayohitaji, wala kumwachia mtoto bila ruhusa, ni akiba dhaifu.

Lakini Mvumi haituruhusu kuwasifu ng'ombe bila kufikiri. Mwaka 1986, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo iliondolewa katika tarafa ya Mvumi kwa sababu makorongo yalikuwa yanaimeza ardhi. Familia zilizokuwa na akiba ya vizazi zizini ziliamka zikiwa na mazizi matupu. Nyasi na miti ikaanza kurudi, na mali ya watu ikawa imehamia kwingine. Kwa hiyo hata kinachozaa kina siku yake ya kuondolewa. Kila mali huegemea kitu kilicho nje yake: ng'ombe huegemea majani, hatifungani huegemea serikali, bunduki ya kale huegemea matamanio ya wageni na ruhusa ya polisi. Kati ya hizo tatu, egemeo la bunduki ndilo jembamba zaidi.

Basi jibu langu ni hili. Aliye mahali ambapo sheria inamruhusu, akaipenda kazi ya mafundi wale, anunue moja nzuri kwa fedha ambazo hatazililia. Aangalie nambari za mtutu, mtambo na kitako zilingane. Atazame ndani ya mtutu kwa taa, kwani fataki za zamani ziliacha chumvi iliyotoboa chuma. Aandike kwa karakana iliyoitengeneza, maana Rigby, Westley Richards na Holland & Holland waliweka madaftari, na mara nyingi ndani yake limo jina la mnunuzi wa kwanza na mwaka. Bunduki yenye hadithi iliyoandikwa huizidi pacha wake asiye na hadithi. Kisha aipake mafuta, aiache kama ilivyo, na akiba ya ada ya watoto aiweke mahali pengine.

Na kwa mtu wa Mvumi anayetaka kuweka fedha katika kazi ya mikono iliyounganisha chuma na mbao, sihitaji kumpeleka London. Fundi wa ilimba yupo Ugogo. Huchimba sanduku la mbao, hufua makumi ya vijiti vya chuma, huvipanga juu yake, na kuvitafutia sauti kwa kuvisukuma mbele na kuvirudisha nyuma unywele kwa unywele. Juu ya matundu hubandika utando wa buibui ili sauti ipate mvumo. Vijiti vya katikati havipigwi. Vimewekwa viitikie vyenyewe pindi jirani zake wanapopigwa, na kuvipatanisha kunataka sikio lisilochoka. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliibeba ilimba mpaka majukwaa ya Ulaya, na waliomsikia hawakuuliza ina faida ya asilimia ngapi. Haihitaji leseni, haijawahi kumwua mtu, na fedha unayotoa inamfikia aliyeitengeneza akiwa hai, inamwezesha kumfundisha kijana mmoja zaidi. Mafundi wa bunduki za kale tunaweza tu kuwatunzia kazi yao. Huyu bado tunaweza kumlipa.